Kuku wa saa nne asubuhi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Ngamiani, Tanga

Simu iliniamsha saa sita kasoro, usiku wa Ijumaa. Ilikuwa ya muuguzi wa zamu katika kituo cha afya kimoja hapa mjini. Alikuwa amepokea watu watano ndani ya muda usiozidi saa moja na nusu, wote wanatapika, na wote wanakitaja kibanda kimoja cha chipsi cha Ngamiani. Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote wa afya hulisikia mwilini kabla halijafika kichwani: "Bwana Afya, tutenge chumba?" Alimaanisha chumba cha kipindupindu.

Nimekagua vibanda, magenge na migahawa ya Tanga kwa miaka mingi. Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wauza vyakula na maafisa afya wenzangu, kwa kuwa kilinionyesha shimo katika mambo ninayoyafundisha. Majina nayaacha, mtaa wenyewe pia nauacha. Mwenye kibanda anajua kwamba ninakiandika na ameridhia.

Walioumwa

Kulipokucha walikuwa tisa. Mwalimu mmoja wa kike na wanawe wawili, dereva wa bodaboda, vibarua watatu wa bandarini waliokula sinia moja, msichana anayeuza duka la vitambaa, na bibi wa miaka sabini na kitu aliyeletewa chakula na mjukuu wake. Hakufa mtu. Wanane walirudi makwao Jumamosi wakiwa wamechoka tu. Bibi alilazwa siku mbili kwa sababu mwili wake ulikauka maji upesi, kama inavyokuwa kwa wazee na watoto wadogo, ambao kutapika kwa saa chache tu kunatosha kuwatia hatarini.

Kabla sijauliza walichokula, niliuliza saa. Umekula saa ngapi? Umeanza kutapika saa ngapi? Dereva wa bodaboda alikula saa moja na nusu, akaanza saa nne kasoro robo. Mwalimu na watoto walikula saa mbili, wote watatu walikuwa wameshaanza ilipofika saa tano. Kibarua aliyechelewa kuliko wote alikula saa tatu na akaanza saa sita. Yaani kila mmoja, kati ya saa mbili na nne baada ya kula. Kilichotangulia kilikuwa kichefuchefu kikali na matapishi, tumbo la kuhara likaja baadaye kwa wachache, na hakuna aliyekuwa na homa ya kutajika.

Majibu hayo yalinipunguzia hofu. Kipindupindu huweza kuchukua saa chache mpaka siku tano tangu mtu ameze vijidudu vyake, na alama yake kubwa ni kuhara maji mengi meupe kama maji ya kuoshea mchele. Watu tisa waliokula jioni moja wasingeanza kwa kufuatana hivyo, kama waliopangwa foleni, tena kwa kutapika. Salmonela, kijidudu anayejulikana sana kwenye kuku na mayai, kwa kawaida huhitaji saa sita kwenda mbele, mara nyingi nusu siku hadi siku tatu, na huja na homa. Ugonjwa unaomwangusha mtu ndani ya saa mbili au tatu haungoji vijidudu vizaliane tumboni. Sumu iliingia ikiwa tayari imeshatengenezwa, ndani ya chakula, kabla hakijafika mdomoni.

Vijidudu wanaojulikana kwa kazi hiyo ni wawili. Mmoja hupenda wali uliolala, na kibanda hiki hakipiki wali. Wa pili ni stafilokokasi, anayeishi kwenye ngozi zetu, kwenye majipu na vidonda, na kwenye pua za takribani mtu mmoja katika kila watatu bila kuwadhuru.

Mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu yake. Kachumbari! Ni mbichi, inakatwa kwa mikono, inaoshwa kwa maji ya ndoo. Wengine walinong'ona kuwa ni hasidi, jirani mwenye kibanda kisichopata wateja. Shaka juu ya kachumbari ni shaka ya haki, na mara nyingi huwa kweli. Lakini katika kazi hii mashahidi wazuri ni wale waliokula wakabaki wazima, na hao ndio hatuwatafuti, kwa sababu hakuna anayekuja kituoni kulalamika kwamba hajaumwa. Niliwatafuta Jumamosi mchana kutwa. Niliwapata kumi na mmoja. Waliokula chipsi mayai, waliokula chipsi kavu, waliokula mishkaki, wote walikuwa wametiwa kachumbari ile ile, tomato kutoka chupa ile ile, pilipili ile ile, na walinawa maji ya ndoo ile ile. Wazima. Wagonjwa tisa wote walikula kuku. Katika wale kumi na mmoja alikuwepo mmoja tu aliyekula kuku, fundi cherehani aliyenunua robo saa kumi na nusu jioni, kibanda kikiwa ndio kwanza kinafunguliwa. Yeye tumbo lilimvuruga kidogo, akanywa chai ya tangawizi, akalala.

Kuku wa saa kumi na nusu alimgusa kidogo. Kuku yule yule wa saa mbili usiku aliwalaza watu. Nikaenda kibandani na jambo hilo kichwani.

Kibandani

Ningependa msomaji akione kibanda hiki, kwa sababu si kile anachokifikiria. Sakafu ya saruji imepigwa deki. Kabati la kioo halina hata alama ya vidole. Pembeni pana ndoo yenye koki na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba kisipotee. Mwenye kibanda, mtu wa makamo mwenye maneno machache, ana aproni mbili, moja mwilini na nyingine kwenye kamba. Mpwa wake, kijana kutoka Korogwe anayemsaidia kumenya viazi na kuhudumia, alikuwa na kofia na kucha zilizokatwa. Vyeti vyao vya kupima afya, vile vinavyotakiwa kila baada ya miezi sita, vilikuwa hai vyote viwili. Miezi minne nyuma nilikikagua mimi mwenyewe na kuwaambia majirani zake waje wajifunze kwake.

Nilimuuliza maswali yetu yote. Unanawa lini? Akajibu sawasawa: baada ya choo, baada ya kushika pesa, baada ya kugusa nyama mbichi. Ubao wa kukatia nyama mbichi ndio unaokatia nyanya? Hapana, viko viwili, akanionyesha. Maji ya kunywa? Yamechemshwa. Unajuaje kuku ameiva? Mfupa hautoi damu. Kama ningekuwa namsahihisha mtihani, ningempa alama zote.

Kisha nikamwomba anielezee safari ya kuku, tangu sokoni mpaka kwenye sahani. Hununua kuku Mgandini alfajiri, wakiwa wameshachinjwa na kunyonyolewa. Huwapeleka nyumbani, huwaosha, huwapaka chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Saa nne asubuhi huwachemsha mpaka waive. Wakipoa kidogo, saa tano hivi, kijana huwakata vipande, robo na nusu, na kuvipanga ndani ya beseni. Juu hufunikwa kanga safi. Jioni beseni huja kibandani. Mteja akiagiza, kipande hutumbukizwa kwenye mafuta dakika tatu au nne mpaka kipate rangi.

"Kaka," nikamwuliza, "kwa nini asubuhi?"

Hapo maneno yake machache yaliongezeka. Kuku mbichi huchukua dakika ishirini kwenye mafuta, na mteja wa bodaboda hangoji dakika ishirini. Ukimharakisha anababuka nje na ndani ana damu, na damu mteja akiiona harudi tena. Mkaa wa kuchemshia nyumbani ni ule ule wa chakula cha mchana cha familia, kwa hiyo kuchemsha asubuhi ni jiko moja badala ya mawili. Jioni yeye na kijana wako kwenye viazi. Nami naongeza la kwangu: kumchemsha kuku kwanza ni jambo jema. Linaziba mlango wa Salmonela ambao vibanda vingi vinauacha wazi kwa kukaanga kuku mbichi juu juu. Ubaya haukuwa kwenye kuchemsha wala kwenye kukaanga. Vyote viwili vilifanyika vizuri.

Niliwaomba warudie kazi yao Jumapili mbele yangu, kama walivyoifanya Ijumaa, bila kubadilisha kitu, na kuku wale wasiuzwe. Beseni la plastiki la bluu, vipande vimelundikana mpaka ukingoni, kanga juu, chumba kisicho na dirisha, joto la Februari. Saa saba mchana nilichoma kipimajoto katikati ya lundo: nyuzijoto 43. Saa kumi jioni: 37. Mwenye kibanda alidhani wameshapoa, kwa sababu vile vya juu vilikuwa baridi mkononi. Ndani ya lundo vipande vilikuwa vinapashana joto kama watoto waliolala kitanda kimoja.

Nyuzijoto 37 ni joto la mwili wa binadamu. Ndilo joto ambalo stafilokokasi analipenda kuliko yote.

Lilibaki swali la alipoingilia. Nilimwambia kijana anyooshe mikono. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimezungushiwa kipande cha kitenge. Alijikata Jumanne akimenya viazi, akafunga, akaendelea na kazi. Tulipofungua, pembeni ya ukucha pamevimba, pekundu, na ukibonyeza unaona usaha mweupe wa ukubwa wa punje ya mtama. "Lakini nilinawa, Bwana Afya," alisema, na sauti ilimtetemeka. "Mjomba akinikumbusha, na nisipokumbushwa nanawa." Nilimwamini, na bado namwamini. Alinawa kwa sabuni kila mara, kitambaa kikiwa juu ya kidonda. Kitambaa kilichotota ndicho kilichoshika kila kipande cha kuku aliyeiva.

Katikati ya mioto miwili

Maabara haikuwa na la kusema, maana kuku waliobaki Ijumaa walishamwagwa usiku ule ule watu walipokuja juu. Ninachosimamia ni saa za walioumwa, kuku peke yake kati ya vyakula vyote, kidole, na kipimajoto. Kwangu vinatosha.

Watu wengi hudhani nyama mbichi ndiyo hatari na iliyoiva ina usalama. Kwa kijidudu hiki mambo huenda kinyume. Kwenye kuku mbichi stafilokokasi ana washindani wengi, na hao humzidi nguvu. Ukimchemsha kuku umewaua wote. Halafu mkono wenye kidonda ukigusa kipande kilichoiva, unamweka peke yake kwenye shamba lililolimwa na kupaliliwa. Chumvi haimzuii, kwani yeye huvumilia chumvi kuliko vijidudu vingi, na kuku wetu ni wa chumvi. Akiwa katika joto linalompendeza huongezeka maradufu kila nusu saa hivi, pengine haraka zaidi. Chukua vijidudu mia kwenye gramu moja ya nyama saa tano asubuhi. Baada ya saa tano wameongezeka maradufu mara kumi: wamepita laki moja. Kwenye idadi hiyo ndipo sumu huanza kufikia kiasi cha kumwangusha mtu. Ni saa kumi jioni, fundi cherehani yuko njiani anakuja kununua robo yake. Ongeza saa nne nyingine mpaka saa mbili usiku, na hesabu inaingia kwenye mamilioni.

Kuku hanuki. Rangi haibadiliki. Ladha ni ile ile ya ndimu na tangawizi.

Nilipofika hapo katika maelezo yangu, mwenye kibanda alinikatiza, na ni sentensi yake hii iliyonifanya niandike yote haya. "Bwana Afya, mafuta yale yanachemka. Mdudu gani atapona mle?"

Ana haki. Hakuna anayepona. Mafuta ya kukaangia hufika nyuzijoto 170 na zaidi, na vijidudu hufa kwenye 70. Lakini sumu waliyokwisha kuiacha ndani ya nyama si mdudu na haina uhai wa kuuawa. Hata maji yanayochemka kwa nusu saa hayaimalizi, sembuse dakika nne za kupata rangi. Nilimweleza hivyo kwa maneno ya kozi, akaitikia kwa kichwa, na nikaona machoni kwamba anaitikia kwa heshima tu.

Ndipo nikamwuliza kuhusu jodari. Yeye ni mtu wa pwani, amekulia hapa. Nikamwambia: jodari au vibua walioshinda juani kwenye mtumbwi bila barafu, ukawanunua jioni, ukawakaanga mpaka wakakauka, ukila inakuwaje? Akajibu papo hapo: "Wanawasha. Mdomo unawaka, uso unakuwa mwekundu, mwili unatoka mabaka." Hata wakikaangwa vizuri? "Hata ukiwachoma wawe mkaa." Basi, nikamwambia, ni habari ile ile. Vijidudu vya samaki vimegeuza nyama yake kuwa kitu kinachowasha, wenyewe wakafa kwenye mafuta, kitu chao kikabaki. Akanyamaza. Akalitazama beseni la bluu. Kisha akamgeukia mpwa wake akasema, "Kumbe kuku naye analala juani."

Elimu ya muda Tanga ilikuwepo siku zote, kwa wavuvi. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, usikilize mama anavyomhoji mchuuzi: samaki wa lini, amelala wapi, barafu ilitiwa saa ngapi. Hakuna anayemhoji hivyo muuza chipsi. Na sisi, tuliosomeshwa kazi hii, hatukumhoji.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 funguo zake tano za chakula salama: usafi, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kupika kikaiva, kutunza chakula kwenye joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Ule wa nne unasema chakula kilichoiva kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la chumbani. Kiwe chini ya nyuzijoto 5 au juu ya 60. Naujua tangu chuoni. Lakini fomu niliyokuwa nakagulia ilikuwa na sehemu ya kucha, aproni, choo, ndoo ya taka na cheti cha afya. Sehemu ya kuuliza "hiki kilipikwa saa ngapi?" haikuwemo, nami sikuiongeza. Uchafu unaoonekana niliupiga vita kwa bidii kubwa. Saa hazionekani.

Cheti cha afya nacho nakiheshimu, lakini kisa hiki kimeniondolea imani niliyokuwa nimekitwika. Kinapima choo na damu ya mtu siku aliyokwenda kupima. Hakijui alijikata kidole Jumanne.

Kilichobadilika

Nilikifunga kibanda siku tatu. Ninayo mamlaka, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inanipa, na watu tisa walikuwa wameumwa. Hata hivyo nilijua kwamba nafunga kibanda kisafi kuliko vyote mtaani, huku vingine vyenye mabeseni yale yale vikiendelea kuuza jioni ile. Siku hizo tatu nilizitumia kuvizungukia hivyo vingine. Katika vibanda saba nilivyoingia, vitano vilikuwa na kuku aliyechemshwa kabla ya adhuhuri. Wenye vibanda wote walijibu vizuri maswali ya kunawa mikono.

Tuliyokubaliana hayahitaji friji, maana ningemwambia mtu wa kibanda anunue friji asingenisikiliza tena. Kuku wabichi hukaa kwenye deli la barafu tangu sokoni. Barafu huinunua kule kule wanakonunua wauza samaki. Huchemsha mara mbili kwenye jiko la pili pale pale kibandani, saa kumi na moja jioni na saa moja usiku, kila mara kuku wachache wanaoweza kuisha ndani ya saa mbili. Vipande hupangwa kwenye sinia pana, kimoja kando ya kingine, mvuke utoke, na hushikwa kwa koleo. Mwenye kidonda mkononi hukifunika kwa plasta na kuvaa glavu, na kazi yake siku hizo ni kupokea pesa tu. Kijana alipata dawa, gumba likapona ndani ya wiki mbili, na ndiye sasa anayeandika kwa chaki kwenye ukingo wa kabati saa kuku alipoiva.

Gharama ipo, na ni yeye anayeibeba. Mkaa umeongezeka, barafu ni ya kila siku. Wateja wa saa nne usiku wakati mwingine hukuta kuku ameisha, na wapo waliohamia jirani. Bibi aliyelazwa alimsamehe alipokwenda kumwangalia na mfuko wa machungwa. Mwalimu hajarudi kununua, na simlaumu.

Jambo moja bado hatujalimaliza. Mvua zilipoanza, jioni moja wateja hawakuja na sinia la saa moja likabaki na vipande sita. Alinipigia simu saa tatu kamili, akauliza afanyeje. Nikamwambia saa mbili zimetimia, visiuzwe wala visiwekwe kwa kesho. Alikaa kimya muda, nikisikia mvua kwenye bati la kibanda chake. Vipande sita kwake ni faida ya usiku mzima. Kisha akasema sawa, na akaniomba nifikirie naye namna ya kupima wateja wa siku ya mvua kabla hajachemsha. Ndiyo tunayoifikiria.